Kutoka Uwanja Mpaka Uwanja

Kizwite, Sumbawanga
8 Februari 1976

Kwa mwanangu Flavian,

Anayekuandikia ni mimi baba yako Zenon, mwenye miaka sabini na tisa, au themanini, mapadri walioandika ndio wanaojua. Nimemwona Mjerumani akiondoka na Mwingereza akiondoka. Ndui ilipita, nikabaki. Nzige walikula mpaka nyasi za paa, nikabaki. Wote niliofua nao chuma kwenye malungu, yale matanuru yetu marefu ya udongo, wamekufa mmoja mmoja na mimi bado natafuna mahindi ya kuchoma kwa meno yangu mwenyewe. Mama yako Hilaria naye nimemzika. Hilo unalijua.

Usijiulize nani amenishikia kalamu. Naandika mwenyewe. Nimesoma kisomo cha watu wazima, mwaka jana nikafanya mtihani na kufaulu, na mwalimu alisema mbele ya darasa, mzee huyu mkono wake mzito lakini anasomeka. Darasani tuliingia wazee wengi, wengine walikimbia kwenye herufi za kuunganisha. Mimi sikukimbia.

Sisi huku wazima. Dada yako Kristiana yuko Mwimbi kwa mumewe, ndiye aliyenipa anwani yako. Tumehamishwa kutoka kule juu, sasa tumepangwa hapa Kizwite nyumba kwa nyumba kwenye mstari. Mahindi yamestawi, yangu yamewapita wote, ukitaka waulize.

Sasa jambo lenyewe. Nina ubishi na Yunusu, yule mwenye duka na lori mjini. Tangu tumekuwa mkoa, ndege inakuja kila Jumatano kuleta wakubwa. Yunusu akasema dukani kwake watu wakisikia, "Mzee Zenon, ndege ni mashine tu kama lori. Nayo inachoka, inapumzika Dodoma, inapumzika Tabora. Mtu akipanda ndege Dar es Salaam na mimi nikapanda lori langu, atanikuta Sumbawanga nimeshaoga, nakunywa chai." Watu wakacheka. Nikamwambia, mwanangu yuko uwanja wa ndege Dar es Salaam, ndege zote zinapita mikononi mwake, nitamwuliza yeye, wewe endelea kuuza chumvi.

Basi niandikie. Kutoka uwanja wa huko mpaka uwanja wa huku ni mbali kiasi gani, na ndege inachukua muda gani? Nauliza kwa sababu ya Yunusu. Usidhani kuna jambo lingine.

Ni mimi baba yako,
Zenon


Dar es Salaam
21 Machi 1976

Baba, shikamoo.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Miaka saba sijaona chochote kutoka kwako, na mwandiko wako sikuwahi kuuona maishani. Nilimwonyesha Sophia mke wangu, naye anakuamkia. Watoto wetu wawili wazima. Mkubwa ana miaka mitano, tulimpa jina la Mama, anaitwa Hilaria. Ana maneno mengi. Joto la huku ungelichukia.

Kuhusu kazi yangu, Baba, usiwaambie watu kwamba ndege zote zinapita mikononi mwangu. Mimi napakia mizigo na kuweka vigingi kwenye magurudumu ili ndege isitembee. Ni kazi nzuri, lakini ndiyo hiyo.

Nimemwuliza rubani mmoja anayeruka njia ya huko. Amenipimia kwenye ramani kwa rula. Kwa barabara, kupitia Iringa, Mbeya na Tunduma, ni zaidi ya kilomita elfu moja na mia moja. Angani hakuna kuzunguka milima, kwa hiyo inabaki kama mia nane na arobaini. Haipumziki Dodoma wala Tabora. Kutoka uwanja wa hapa mpaka uwanja wa huko ni saa tatu.

Mwambie Yunusu hivyo.

Mwaka ule wa msiba nilitumia siku tano. Lori lilikwama Laela kwenye matope, nikatembea, nikapata jingine. Nilipofika mlikuwa mmeshazika. Yaliyofuata sitaki kuyaandika. Nimeandika haya kwa sababu umeuliza habari za njia.

Mwanao,
Flavian


Kizwite
25 Aprili 1976

Flavian,

Nashukuru kwa salamu za mkeo, mwambie marahaba. Huyo mtoto mliyempa jina la mama yako, naomba msimchape sana. Mwenye jina alikuwa na maneno mengi vilevile.

Mvua zinaelekea kuisha. Kristiana amejifungua mtoto wa kiume, mwingine tena, amechoka. Ng'ombe wangu mwekundu amekufa kwa kula mfuko wa mbolea, lakini bado ninao wengine.

Nilipeleka barua yako dukani nikaisoma mwenyewe kwa sauti, mimi, si mtu mwingine. Nilipofika kwenye saa tatu Yunusu akaweka mizani chini. Halafu akasema, "Basi Mzee, kama ni karibu hivyo, mbona huyo mwanao hatujamwona?"

Watu hawakucheka. Ingekuwa heri wangecheka.

Flavian, miaka hii yote mtu akiniuliza habari zako najibu kwamba yuko mbali. Lilikuwa jibu zuri, lilinitosha. Siku tano za lori, matope, Laela, nani asiyeelewa? Sasa umeniandikia saa tatu na jibu langu umelichukua. Nikikaa mlangoni nikiiona hiyo ndege inashuka nasema, asubuhi ilikuwa kwake.

Neno nililokuambia msibani nalikumbuka kuliko wewe. Nilisema mbele ya waombolezaji, "Hukumzika mama yako, usikanyage uwanja wangu mpaka nije nikupokee mwenyewe." Silifuti. Mimi si mtu wa kusema leo na kukana kesho. Lakini fikiria kama mtu uliyesoma. Uwanja nilioutaja siku ile ulikuwa wa nyumba ya kule juu, sasa umeota majani, wamefunga mbuzi. Hapa Kizwite sina uwanja, nina mlango unaotazamana na mlango wa jirani. Na uwanja wa ndege nao ni uwanja. Mtu anaweza kupokelewa hapo.

Sikuiti. Naeleza maana ya maneno tu.

Zenon


Dar es Salaam
18 Mei 1976

Baba, shikamoo.

Hongera kwa mjukuu mpya. Mpe Kristiana pole na hongera zote mbili. Na pole ya ng'ombe.

Nimesoma maelezo yako ya maana ya maneno. Nimeyasoma usiku na nimeyasoma kazini nikiwa nimekaa juu ya mizigo ya watu. Mfanyakazi wa hapa anaruhusiwa kiti kimoja kwa mwaka kama ndege haikujaa. Sijawahi kukiomba. Sasa nimekiomba.

Nitakuja Jumatano, tarehe 16 Juni. Ndege inaondoka huku asubuhi. Saa nilishakuandikia.

Lakini Baba, nisikilize. Siku ile niliondoka Sumbawanga bila kulala, nikapita katikati ya watu waliokuja kumlilia mama yangu, kila mtu akinitazama. Sitapita tena njia hiyo peke yangu. Nikishuka nikakuona, nitajua umekuja kunipokea kama ulivyosema. Nisipokuona, nitajua neno lako liko palepale, wala sitakuja kukugongea mlango. Ndege inakaa hapo nusu saa tu ndipo inageuza. Nitageuza nayo.

Usinijibu. Kama utakuja, njoo.

Flavian


Mwimbi, kwa Kristiana
4 Julai 1976

Flavian,

Kristiana anakusalimu. Mimi niko kwake tangu ile Jumatano. Baridi ya mwaka huu ni kali, upepo unachukua mpaka vifuniko vya sufuria. Sina haja ya kukuambia mengine ya nyumbani.

Nilikuwepo.

Nasema nilikuwepo. Nilivaa lile koti langu jeusi la harusi ya Kristiana. Nilifika uwanjani jua halijatoka, nikamkuta Clemens mlinzi anapuliza filimbi kufukuza ng'ombe kwenye njia ya ndege. Nikakaa kwenye pipa. Yunusu akaja, na watu wa dukani wakaja, maana niliwatangazia, kwa nini nisitangaze? Niliwaambia, mwanangu kaandika saa tatu.

Saa tatu ikafika. Yunusu ana saa ya mkononi, alinionyesha mwenyewe. Mbingu nyeupe, hakuna kitu. Yunusu akasema, "Mzee, labda imepumzika Dodoma." Wakacheka wote. Saa tatu na nusu. Mmoja akasema, "Labda imekwama Laela." Hapo wakashikana mabega kwa kucheka. Saa nne ikafika. Clemens akaja akasema, "Babu, njoo ukae kibandani ungoje." Alitaka kunieleza habari za ndege, mtoto yule, nilimzidi umri nikiwa bado tumboni. Sikumwuliza kitu. Nimwulize Clemens saa ya ndege ya mwanangu, wakati mwanangu ameniandikia kwa mkono wake?

Saa tano lori la Yunusu lilikuwa linaondoka kuja Mwimbi, Hamidi dereva. Nikapanda. Sikutaka kupita mjini na lile koti.

Na nikuambie uone nilivyo. Tukiwa barabarani, jua utosini, ndege ikapita kwa mbali inashuka upande wa mjini. Hamidi akapunguza mwendo akasema, "Mzee, ndege ile. Nigeuze?" Nikamwambia, hiyo si ya kwetu. Mwanangu amesema saa tatu, naye si mwongo. Endesha.

Hivyo ndivyo nilivyokutetea, na wewe ulikuwa umelala kwako Dar es Salaam.

Usiniandikie tena habari za ndege.

Zenon


Dar es Salaam
19 Septemba 1976

Baba, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilifika mwezi wa saba na sikuifungua. Niliona mwandiko nikajua, au nilidhani najua, umeandika nini. Niliiweka juu ya kabati. Wiki iliyopita Sophia aliichukua bila kuniambia akaisoma jikoni. Nikamsikia anacheka, kisha nikamsikia hacheki. Akaja nayo akanisomea pale pa Hamidi, mara mbili.

Baba, saa tatu nilizokuandikia ni za mwendo. Ulikuwa umeniuliza ndege inachukua muda gani, nikakujibu, saa tatu. Kutoka kupaa mpaka kutua. Sikusema inafika saa tatu. Ile ndege inapaa hapa saa tatu asubuhi, inatembea saa tatu, inatua Sumbawanga saa sita. Nilipaswa kuandika hivyo, lakini sikufikiri, kwa sababu huku uwanjani kila siku tunasema tu Tabora ni saa mbili, Mwanza ni saa mbili na nusu, na kila mtu anaelewa.

Ile ndege mliyoiona barabarani ndiyo niliyokuwemo.

Nilishuka, upepo ukanipiga, nikanusa moshi wa mashambani nikajua nimefika. Wakubwa walipokelewa na gari lao, wakaondoka. Tukabaki. Nimeandika tukabaki kwa sababu sikuwa peke yangu. Rubani aliniruhusu nimpakate Hilaria. Nilitaka umwone kabla hujaanza kunilaumu. Alivaa sweta ya Sophia imekunjwa mikono. Akaniuliza, "Baba, Babu ni yule mwenye filimbi?" Nikamwambia hapana. Akaniuliza, "Sasa Babu yuko wapi?" Nikamwambia tungoje.

Tulisimama chini ya bawa. Yule mwenye filimbi alitutazama, na mimi nikamtazama. Ningemwuliza tu, umemwona Mzee Zenon? Maneno matatu. Lakini ningemwuliza halafu akaniambia, Mzee yuko kwake amekaa, ningefanya nini? Sikumwuliza. Nusu saa ikaisha, rubani akaita, tukapanda. Angani mtoto aliniuliza tena mpaka akalala.

Miezi mitatu nimewaambia watu wa hapa kwamba safari iliahirishwa.

Ningepanda ndege kesho, Baba. Lakini njia ya huko wameisimamisha tangu mwezi wa nane, ndege imepelekwa kwingine, na hakuna anayejua itarudi lini. Nimeuliza kila mlango. Na mvua zikianza, barabara ya Laela unaijua.

Sijui niandike nini tena. Niambie wewe.

Flavian


Kizwite
24 Oktoba 1976

Mwanangu Flavian,

Mimi ninakaa vizuri. Kristiana amekuja na mtoto wake mdogo kunipikia, anasema ni kwa sababu ya upepo, na mimi sikumwuliza zaidi. Usiku ananiwekea moto karibu. Kisomo nimepumzika kidogo, mwalimu anakuja yeye hapa kunitazama. Mawingu yameanza kukaa upande wa ziwa, watu wamemaliza matuta. Yangu mwaka huu amelima mume wa Kristiana, si mabaya, ila mimi ningelima zaidi.

Barua yako niliisoma peke yangu. Nilichukua siku nzima. Halafu nikaenda nayo dukani, na njiani nilikaa chini mara mbili, nikasema natengeneza kiatu.

Kwanza tuelewane kuhusu kosa. Mimi sikukosea. Mtu akisema saa tatu, ni saa tatu. Jua likifika pale, ni saa tatu, tangu enzi za babu yangu ambaye hakuwa na saa. Kama ni mwendo, sema mwendo. Sema ni kama kutoka hapa kwenda shambani kule juu na kurudi, ningekuelewa. Yunusu naye, mwenye saa ya mkononi, hakuelewa. Mwalimu wangu anasema sote wawili tumesoma sawa na sote wawili tumekosea. Nimemwachia hilo, yeye ni kijana.

Clemens nilimwuliza sasa. Nilimwita hapa nyumbani nikamwuliza, siku ile uliona mtu na mtoto? Akasema, "Ndiyo Babu, mwanamume na msichana mwenye sweta kubwa, walisimama chini ya bawa. Mtoto alinipungia mkono." Nikasema, mbona hukuniambia? Akasema, "Babu, sikujua ni wako. Hakuna aliyeniuliza."

Nimekaa na hilo.

Sasa sikiliza nilichofanya. Neno lile nililisema mbele ya watu, kwa hiyo siwezi kulitoa ndani ya bahasha. Jumatano iliyopita nilimwambia Hamidi anichukue na lori mpaka uwanjani. Nilivaa koti. Yunusu alikuja, na Kristiana na mtoto mgongoni, na Clemens alikuwa pale. Ndege haiji siku hizi, majani yamefika magotini, Clemens mwenyewe amechoka kufukuza ng'ombe. Nilifika saa sita. Nilitaka iwe saa sita.

Yunusu akasema, "Mzee Zenon, leo tunangoja ndege gani tena?" akacheka. Nikamwambia, nyamaza, simama pale uwe shahidi. Nikaenda mpaka mahali Clemens aliponionyesha, ulipokuwa umesimama. Nikanyoosha mkono hivi, kama unavyompokea mtu mzigo. Nikasema kwa sauti ya kusikika, "Mimi Zenon nimekuja kumpokea Flavian mwanangu, na mwanawe Hilaria. Neno nililosema siku ya msiba limekwisha. Aje anapotaka, aingie nyumbani asibishe hodi." Nikasema mara mbili, kwa Kifipa na kwa Kiswahili, ili Yunusu asije akasema hakusikia vizuri.

Basi umepokelewa. Hilo limemalizika. Usingoje ndege, wala usingoje kwamba nije tena uwanjani, maana lori linanitikisa kifua na Kristiana amekataza. Njoo kwa basi, njoo kwa lori, ukikwama Laela tembea kama ulivyotembea. Umlete mtoto. Mwache azungumze anavyotaka.

Ukifika ukanikuta nimekaa mlangoni, hutakuwa na haja ya mashahidi. Ila ukifika ukakuta nyumba ina watu wengi, na mtu yeyote akakuambia kwamba mzee alikufungia uwanja wake, au wewe mwenyewe ukasita hapo nje, usigeuze. Mwulize dada yako Kristiana, alikuwepo. Mwulize Hamidi dereva, alizima lori ili asikie. Mwulize Clemens, safari hii usiache kumwuliza. Na kama hao hutawaamini, nenda dukani kwa Yunusu. Yeye alikuja kucheka, na aliporudi alikaa mbele kwenye lori pamoja nami, akanishika mkono mpaka Kizwite.

Ni mimi baba yako,
Zenon